Speki za Madabodi na Jua la Garissa: Namba Gani Uamini Kabla Uanze Kuovakloki

Cheki boksi ya madabodi mpya. Namba ziko za kumwaga: fezi 12, RAM 4400+, kapasita 10K. Ukiingia YouTube unapata msee ameitandaza kwa meza safi, ameisukuma hadi 5 GHz na haijatoa hata jasho. Wewe hapo ushaingizwa boksi, unaanza kuhesabu doh.

Sasa shida iko hapa. Hiyo meza iko kwa studio yenye AC, digrii kama 21. Wewe uko Bula Iftin, saa nane mchana, na chumba chako kimegonga 36. Hizo namba si lazima ziwe uongo. Ni vile zilipimwa mahali hujawahi kuishi.

Na kwa msee wa Garissa, Wajir ama Mandera, kukosea bodi ni kubaya kuliko kwa msee wa Nairobi. Bodi nyingi zinatoka maduka ya Moi Avenue na Luthuli, zinapanda basi Eastleigh, zinakula kama kilomita 370 hadi Garissa mjini. Ikikataa kuwaka, inarudi njia hiyo hiyo, na nauli ya mzigo ni yako kwenda na kurudi. Kama wewe ni editor wa video za arusi na bibi arusi anangoja kazi yake Ijumaa, hiyo wiki umepoteza jina pia.

Kwa hivyo hii ni rada kamili: speki gani ni ahadi, gani ni majigambo, na vile unaweza kuzipima mwenyewe.

Maneno ya kujua kwanza

Madabodi ni ile bodi kubwa ndani ya kompyuta ambayo kila kitu kinachomekwa kwake: prosesa, RAM, diski, kadi ya gemu.

Chipuseti ni chipu ya bodi yenye inaamua nini kimefunguliwa na nini kimefungwa. Ndio hizo herufi na namba kama H610, B660, Z690, A520, B550.

VRM ni mtambo mdogo kando ya prosesa wa kushusha umeme. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inataka kitu kama volti 1.2. VRM ndio inafanya hiyo kazi, na hapo ndipo joto la bodi linazaliwa.

BIOS ni programu ya ndani ya bodi, ile unaingia kabla Windows iwake.

Kuovakloki ni kulazimisha prosesa ama RAM ikimbie kuliko mwendo ilioandikiwa na kiwanda. Ukitaka mwendo zaidi, mara nyingi unaongeza voltiji. Ukiongeza voltiji, unaongeza moto.

Namba za boksi: ahadi ni gani, majigambo ni gani

Tuanze na RAM. Ukiona "DDR4 4400+ (OC)", hizo herufi mbili kwa mabano ndio story yote. JEDEC, shirika linaloweka viwango vya RAM duniani, kwa DDR4 lilifika 3200 likasimama. Juu ya hapo ni ovakloki, hata kama umewasha tu XMP kwa BIOS na hujagusa kitu ingine. Kiwanda kinasema bodi inaweza kufika huko. Hakisemi yako itafika, na prosesa yako na RAM yako.

Idadi ya vijiti pia inabadilisha mambo. Ryzen 7000 za AMD zimeandikiwa DDR5-5200 ukiwa na vijiti viwili. Ukijaza vinne, kiwango rasmi kinaanguka hadi 3600. Boksi ya bodi haikushow hiyo kwa maandishi makubwa.

Ya pili ni fezi za VRM. Fezi nyingi hugawana mzigo, kwa hivyo kila moja inapata joto kidogo. Lakini kuna bodi zenye fezi sita za ukweli, kila moja imegawanywa mara mbili, halafu boksi inaandika 12. Si kwamba haifanyi kazi. Ni kwamba bodi ya fezi sita zenye vifaa vizuri na hitisinki nzito inaweza kuishinda ile ya 12 zenye vifaa vya bei ya jioni. Kuhesabu fezi peke yake ni kama kuhesabu viti vya matatu ndio ujue kama injini ni fiti.

Ya tatu ni kapasita. "5K" inamaanisha masaa 5,000 ikiwa imechemka hadi digrii 105. Hii namba iko na maana. Kwa kapasita ngumu za kisasa, kila digrii 20 zikishuka maisha yanazidishwa kama mara 10: kwa digrii 85 unapata masaa 50,000, kwa 65 unapata 500,000. Soma hiyo hesabu kinyumenyume na utaelewa joto linakula nini. Bodi ikitoka 85 ikapanda hadi 105, umechoma sehemu tisa kwa kumi za maisha yake.

Ya nne ni chipuseti yenyewe, na hapa wasee wengi wanachezwa. Kwa Intel, unaovakloki prosesa kama iko na herufi K na bodi ni ya familia ya Z. Ukiweka i5 ya K kwa bodi ya H610 ama B660, umelipia kitu huwezi tumia. Kwa AMD, Ryzen nyingi zimefunguliwa, lakini A320 na A520 haziruhusu kuovakloki prosesa. B450, B550 na B650 zinaruhusu.

Rivyu zinapotelea wapi

Wapimaji wengi wako serious. Lakini kuna vitu vimewahi kuharibu vipimo hata vya wale wakali, na hizi kesi zinajulikana.

Mwaka wa 2012, AnandTech waliandika kuhusu kitu kinaitwa Multi-Core Enhancement. Bodi zingine zilikuwa zinaovakloki prosesa kimya kimya bila wewe kuambiwa, ndio zionekane zina kasi kuliko za majirani. Msee wa rivyu anadhani anapima bodi mbili kwa usawa, kumbe moja imekanyaga mafuta.

Juni 2020, watengenezaji wa programu ya HWiNFO walianika mchezo mwingine kwa bodi za AMD za soketi AM4. Bodi zingine zilikuwa zinadanganya prosesa kuhusu umeme inaokula. Zinaripoti kidogo, prosesa inaona bado iko na nafasi, inaendelea kuvuta. Kwa rivyu bodi inatoka juu kidogo. Kwa chumba chako inatoka na moto.

2021, Hardware Unboxed wa Australia walichukua prosesa ile ile ya Intel wakaihamisha kwa bodi tofauti za B560. Matokeo yalipishana vibaya, juu bodi za bei ya chini zilikuwa zinaifunga kwa wati 65 na za juu zinaiachilia. Kwa hivyo ukisoma rivyu ya prosesa bila kuambiwa iliwekwa kwa bodi gani, umesoma nusu ya rivyu.

Aprili 2023 mambo yakawa noma. Ryzen 7 7800X3D zilianza kuungua, zingine na soketi yake, na picha nyingi zilizosambaa zilikuwa za bodi za ASUS. Shida ilikuwa voltiji ya sehemu inayoitwa SoC, ambayo ilipanda sana ukiwasha EXPO, ile seti ya AMD ya kuovakloki RAM. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 na bodi zote zikahitaji BIOS mpya. Rivyu zilizotoka kabla ya hapo zilipimwa na BIOS ambayo leo hufai kuitumia.

2024 ikawa zamu ya Intel. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaangusha gemu na programu. i9-13900K imeandikiwa wati 253 ikikimbia kabisa, lakini bodi nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimeseti kikomo cha wati 4096, yaani hakuna kikomo. Intel ilisema chanzo kikubwa ni voltiji kupanda kupita kiasi, ikatoa rekebisho mwezi wa Agosti, na ikaongeza waranti kwa miaka miwili.

Funzo la hizo kesi zote ni moja. Kabla uamini namba ya rivyu, tafuta vitu vinne: joto la chumba, toleo la BIOS, wati zilizosetiwa, na muda wa jaribio. Jaribio la dakika tano halikuambii kitu kuhusu VRM. Hitisinki inachukua muda kuchemka, na video ya arusi inarenda masaa mawili.

Hesabu ya Garissa

Garissa tayari iko na mfano wa hii story, na ni mkubwa kiasi unaonekana kutoka angani. Ile stesheni ya sola ya wati milioni 50 iliyozinduliwa Desemba 2019 iko na paneli zaidi ya 200,000. Paneli yoyote ya sola huandikwa wati zake ikiwa seli iko digrii 25 ndani ya maabara. Ikipanda juu ya hapo inapoteza kama asilimia 0.4 kwa kila digrii. Paneli ya wati 265 ikipata moto hadi digrii 60 inashuka hadi karibu wati 228. Hakuna mtu ameibiwa. Kampuni za sola zinaandika hiyo hasara kwa karatasi, na fundi anaipigia hesabu mapema.

Karatasi ya madabodi ni nadra ikupe hiyo laini. Kwa hivyo unajipigia mwenyewe.

Chukua prosesa inayosoma digrii 71 kwa studio ya digrii 21. Tofauti ni 50. Feni haiwezi kupoza kitu chini ya hewa inayovuta, kwa hivyo tofauti inabaki karibu ile ile. Garissa ikiwa 36, prosesa iko 86. Hapo hujaovakloki kitu.

Sasa ongeza mwendo kwa asilimia 10, kutoka 4.0 hadi 4.4 GHz, na voltiji kutoka 1.20 hadi 1.35. Moto wa prosesa unapanda sawa na mwendo, halafu mara voltiji kwa voltiji. Hesabu inakupa kama asilimia 39 ya moto zaidi. Ile tofauti ya 50 inakuwa 70. Studio inasoma 91 na mpimaji anakwambia iko poa. Garissa inataka kusoma 106. Haitafika, juu Intel nyingi zinajibana zikigonga 100, na Ryzen nyingi kwa 90 ama 95. Zikijibana zinapunguza mwendo. Umelipa voltiji, umelipa stima, na unarudi pale pale ulitoka, na kelele ya feni juu yake.

Geuza hesabu. Punguza mwendo kwa asilimia 5 hadi 3.8 GHz, na ushushe voltiji hadi 1.10. Moto unapungua kwa asilimia 20. Tofauti inakuwa 40, na prosesa yako inasoma 76 hata mchana wa Machi. Haijibani, feni imenyamaza, na kwa kazi ndefu inaweza kumaliza mbele ya ile imeovaklokiwa.

Hii ndio siri ya NFD: ovakloki yetu ni kushusha voltiji, si kupandisha. AMD wameiweka tayari kwa BIOS kwa jina Eco Mode. Kwa Intel za familia ya H na B unaweza kushusha kikomo cha wati kwa bodi nyingi, hata kama mwendo umefungwa. Wale wa rekodi za dunia waache na dunia yao. i9-14900KF ilipita 9 GHz mwaka wa 2023, lakini ilikuwa imemwagiwa heliamu ya maji, digrii 269 chini ya sifuri. Hiyo haiuzwi Soko Mugdi.

Umeme na vumbi

Rivyu zinapimwa na umeme uliotulia. Wajir na Mandera zimeishi miaka mingi na mitambo ya dizeli ya mji, na Garissa yenyewe inajua stima kupotea bila kwaheri. Bodi iliyoovaklokiwa inakimbia karibu na ukingo, kwa hivyo mtikisiko kidogo unaizima ama unaharibu faili katikati ya kazi. Kabla ya kununua hitisinki ya mataa, nunua UPS yenye stebilaiza ndani. Ukipata stima ya jenereta, usiovakloki kabisa.

Vumbi nalo ni adui wa polepole. Hitisinki ya VRM ikijaa vumbi jekundu, haijalishi iko na fezi ngapi. Blowa kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa, na ushike feni isizunguke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kompyuta huo ukuta unaitwa bodi mpya.

Ex-UK na zile X99

Tuseme ukweli: kompyuta nyingi za saiba na ofisi huku ni ex-UK. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mali safi kwa kazi, lakini bodi zake haziovakloki, na akikwambia "hii inaboostiwa" huyo anatafuta soo yako. Nyingi pia ziko na soketi za umeme za kampuni yenyewe, kwa hivyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta.

Na kuna kitu wachache husoma: Dell OptiPlex 7010, kwa mfano, imeandikiwa kufanya kazi kwa chumba cha digrii 10 hadi 35. Mchana wa Garissa hupita hapo hata kabla hujaiwasha. Isukume mbali na ukuta, fungua dirisha la kivuli, na kazi nzito uipige usiku.

Halafu kuna bodi za "X79" na "X99" kutoka Uchina, zinauzwa mtandaoni pamoja na prosesa za Xeon za seva. Bei inavutia. Lakini nyingi hazina chipuseti ya X99. Zimewekewa chipuseti iliyotolewa kwa bodi kuukuu, kama B85, H81 ama Q87, na jina kubwa limebandikwa juu. Zinawaka, zinafanya kazi, lakini baadhi ya vitu vya X99 halisi havimo, na Xeon nyingi za E5 zimefungwa mwendo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jipimie mwenyewe

Kabla utume pesa, mwandikie muuzaji kistaarabu tu: "Walaal, niwashie hiyo mashine, ufungue CPU-Z, unipigie picha ya ukurasa wa Mainboard." Hiyo programu ni ya bure na inaonyesha jina la bodi, chipuseti na toleo la BIOS. Akikataa, umeokoa doh yako.

Ikifika, fuata hii mpango:

1. Andika joto la chumba. Pima mchana, si asubuhi.
2. Ingia BIOS, rudisha kila kitu kwa seti za kiwanda, uangalie wati zilizowekwa. Kama toleo ni la zamani, pakua jipya kutoka kwa tovuti ya kampuni ya bodi. Usifanye hivyo bila UPS, stima ikipotea katikati bodi inaweza kufa.
3. Washa HWiNFO, halafu endesha Cinebench kwa nusu saa mfululizo.
4. Cheki vitu vitatu: joto la prosesa, joto la VRM kama bodi inalionyesha, na kama mwendo umeshuka kuanzia dakika ya kumi.
5. Pima RAM na MemTest86 usiku kucha ukiwa umewasha XMP. Kosa hata moja linamaanisha shuka ngazi moja.
6. Sasa shusha voltiji kidogo kidogo na urudie. Simama kabla ianze kuzima.

Hifadhi hizo namba. Ndio rivyu ya pekee iliyopimwa kwa chumba chako.

Haki yako

Ukiuziwa B85 kwa jina la X99, hiyo si bahati mbaya. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa ya kiwango kinachofaa na habari za kutosha kuihusu. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inayotaka bidhaa ilingane na maelezo yake. Kwa hivyo hifadhi tangazo, meseji za muuzaji, risiti na ujumbe wa M-Pesa. Mwambie akuandikie jina kamili la bodi na chipuseti kwa risiti, si "madabodi ya gemu" tu.

Lakini jua mpaka wako pia. Sheria inakulinda kwa kilichoandikwa kama ahadi. Ile "(OC)" kwa mabano haikuahidi kitu, na waranti nyingi hazilipi kitu kilichochomwa na ovakloki. Nunua bodi kwa namba zisizo na mabano, uiseti kwa digrii 36, na kama iko na kitu ya ziada, hiyo ni bonasi.